Outer Ring Road na Bei ya Saa Yako

Jumapili ya leo nakuomba tufunge safari fupi. Hatuendi Mombasa wala Maasai Mara, wala hatuhitaji kufunganya nguo. Shika nauli ya matatu, vaa viatu vya kutembelea, kisha tukutane Allsops, pale Outer Ring Road inapoiacha Thika Road na kushika njia ya kusini katikati ya mitaa ya Eastlands. Ni mwendo wa kilomita 13 hivi hadi Taj Mall kule Embakasi. Asubuhi ya Jumapili, watu wakiwa kanisani na wengine bado wamelala, matatu huumaliza kabla hujamaliza kusoma gazeti hili.

Utauliza, barabara ina nini cha kutazamwa? Ina mengi. Muulize mkazi yeyote wa Umoja, Tena au Kariobangi alikuwa wapi kati ya 2015 na 2018, atakujibu akicheka, "Nilikuwa kwenye foleni." Hiyo ndiyo miaka barabara hii ilipopanuliwa, na ndiyo miaka wengi wetu tulipojifunza kuamka saa kumi ya usiku ili tufike kazini saa mbili ya asubuhi.

Kwanza tusimame hapa Allsops, jina lililobaki la kiwanda cha zamani cha bia. Tazama nyuma yako uione Thika Road. Ilijengwa upya kuanzia 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua Novemba 2012. Kazi ile haikupewa kampuni moja. Barabara iligawanywa vipande vitatu, kila kipande kikapewa mkandarasi wake, wote watatu kutoka Uchina. Ilichukua karibu miaka minne, na hata hivyo ilipita siku iliyokuwa imepangwa. Sasa geuka uitazame Outer Ring. Hii ni fupi zaidi ya mara tatu, nayo ilipewa mkandarasi mmoja, Sinohydro, chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nayo pia ilikula miaka. Basi urefu wa barabara si kitu pekee kinachoamua utakaa kwenye vumbi muda gani. Kuna kitu kingine, nacho hakionekani kwa macho unapopita. Kitu hicho ni karatasi.

Panda matatu twende. Mkono wa kulia ni Mathare North na Huruma, na kushoto ni upande wa Baba Dogo. Mbele yetu ni Kariobangi, na sauti ya nyundo za Light Industries ambazo hazijui Jumapili. Hapa mafundi wanatengeneza majiko, masanduku na vipuri vya kila namna. Wakati wa ujenzi, vumbi lilifunika kazi yao kiangazi, na masika matope yakaziba njia ya wateja. Mwenye mkokoteni alilazimika kuzunguka mbali kwa mzigo uleule na malipo yaleyale.

Ili uelewe kwa nini ilikuwa hivyo, huna budi kujua jinsi barabara inavyonunuliwa. Serikali hutangaza zabuni. Kampuni huleta bei zao. Zile zisizotimiza masharti huondolewa, na kati ya zilizobaki, sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2015 huelekea kwa yule mwenye bei ya chini zaidi baada ya kutathminiwa. Kisha mkandarasi hulipwa kulingana na kazi iliyopimwa: tani za kokoto kadhaa, mita za mtaro kadhaa, lami kadhaa. Kila kitu kina mstari wake na bei yake. Hata kibanda cha mlinzi wa usiku kina mstari wake.

Sasa soma karatasi hiyo kutoka juu hadi chini, utafute mstari wa mama anayeuza sukumawiki Kariobangi ambaye gari lake kutoka sokoni limekwama tangu alfajiri. Haupo. Tafuta mstari wa mwanafunzi aliyefika darasani kipindi cha kwanza kikiwa kimekwisha. Nao haupo. Kwa mkataba wa aina hii, kufunga leni moja kwa siku 10 au kwa siku 100 ni mamoja mbele ya kitabu cha hesabu, mradi kokoto ni zilezile. Barabara ikionekana rahisi, ni kwa sababu sehemu ya bei yake inalipwa na watu wengine, kidogo kidogo, ndani ya matatu.

Utasema, lakini kuna faini ya kuchelewesha kazi. Naam, ipo. Mikataba ya barabara huweka kiasi ambacho mkandarasi hukatwa kwa kila siku anayochelewa, hadi kikomo fulani. Lakini shuka nami hapa Mutindwa, kati ya Buruburu na Umoja, nikuonyeshe faini hiyo inavyoyeyuka.

Kabla ya ujenzi, kando ya barabara hii kulikuwa na vibanda vya nguo, viatu, mbogamboga na samaki wa kukaanga. Chini ya ardhi kulikuwa na mabomba ya maji na ya maji taka, na juu yake nguzo za umeme. Vibanda viliondolewa, na wenyewe wakaumia. Mabomba na nguzo ni mali ya mashirika mengine, na kila shirika lina ofisi yake, barua zake na bajeti yake. Mkandarasi akikabidhiwa mahali pa kazi huku bomba lingali katikati ya mtaro wake, ana haki ya kuandika barua na kuomba muda zaidi. Mtu akienda mahakamani kudai fidia ya ardhi na kazi ikasimamishwa, ataomba muda tena. Akiongezewa muda, siku ya mwisho inasogea mbele, na faini haina pa kushika. Pengine mitambo yake imekaa bure, naye atadai alipwe kwa hilo. Kwa hiyo unaweza kuiona barabara imechelewa kwa mwaka mzima, na kwenye karatasi hakuna hata mtu mmoja aliyechelewa.

Fahali wawili wapiganapo, nyasi ndizo huumia. Nyasi za Mutindwa ni sisi.

Tuendelee hadi Donholm, mahali ambapo Jogoo Road inakutana na Outer Ring. Panda daraja la kuvukia watu, usimame juu yake utazame. Huku mashariki ni Umoja, Kayole na Komarock. Huku magharibi, Jogoo Road inapita Hamza, Makadara, Maringo na Kaloleni hadi City Stadium na mjini. Mitaa hii haikuota yenyewe. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, Buruburu na Umoja zikafuata miaka ya 1970. Watu waliwekwa mashariki, na kazi ikabaki mjini na Industrial Area. Ndiyo maana mtu wa Eastlands huenda kazini jua likimpiga kisogoni, na hurudi jioni jua likimpiga kisogoni. Mji mzima huelekea upande mmoja kwa wakati mmoja. Ukifunga leni moja hapa saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, umefunga mlango wa nyumba za maelfu.

Na daraja hili ulilosimama juu yake, usilidharau. Barabara hii ilianza kupitisha magari kwa kasi kabla madaraja ya watu kukamilika, na kuna waliopoteza maisha wakivuka. Hilo nalo ni somo la karatasi: kilichopangwa mwisho hufika mwisho.

Siku zile nilikuwa na jirani, dereva wa matatu ya watu 14 kutoka Umoja hadi mjini. Jioni moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya ploti yetu, kalamu na kipande cha karatasi ya sigara mkononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alinionyesha hesabu, nami nakupa mfano wake hapa kwa tarakimu za kukadiria, ili uone umbo lake.

Tuseme siku njema dereva anafanya mizunguko 7 ya kwenda na kurudi, na kila mzunguko unaleta shilingi 1,400. Ujenzi ukianza, mizunguko inakuwa 5. Amepoteza shilingi 2,800 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi, hizo ni shilingi 72,800. Mwenye gari hapunguzi pesa anazodai jioni kwa sababu barabara inajengwa. Mafuta hayapungui, kwa maana injini inaunguruma gari likiwa limesimama. Klachi inakwisha mapema, springi na bushi zinavunjwa na mashimo ya njia ya mchepuko. Dereva atafanya nini? Atapandisha nauli, atapita juu ya kando ya barabara, atapakia wa kusimama. Nasi tutamwita mkorofi.

Sasa tuje kwako abiria. Ukipoteza nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, ni saa moja kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi, na kwa miaka mitatu, unapata saa 936. Zigawe kwa saa 8 za kazi, ni siku 117. Ndugu yangu, hiyo ni karibu miezi minne na nusu ya kazi, uliyoitoa ukiwa umeketi, bila risiti wala shukrani.

Je, kuna njia ya kuiandika saa hiyo kwenye mkataba? Ipo, na si ndoto. Tuchukue mfano mwingine. Sema watu 50,000 wanapoteza saa moja kila siku, na saa hiyo tuipe bei duni ya shilingi 50 tu. Kila siku ya ujenzi inawagharimu wananchi milioni 2.5. Sasa kampuni ya kwanza inasema itajenga kwa bilioni 5 na siku 900. Ya pili inataka bilioni 5.4, lakini siku 600. Kwa desturi yetu, ya kwanza ndiyo rahisi. Lakini zidisha siku kwa milioni 2.5. Ya kwanza inafika bilioni 7.25, ya pili bilioni 6.9. Ya pili ndiyo rahisi, isipokuwa ile tofauti ilikuwa imefichwa mfukoni mwako. Njia hii ya kupima zabuni kwa bei pamoja na siku ilianza kujaribiwa kwa mpango maalumu wa serikali kuu ya Marekani mwaka 1990.

Uingereza walipita njia nyingine mwaka 1984. Walianza kumkodisha mkandarasi leni. Kila siku anayofunga leni analipa kodi, kama wewe unavyolipa kodi ya nyumba. Mtu anayelipa kodi kwa siku hawezi kuweka mapipa barabarani Jumatatu na kuleta vijana wa kazi Alhamisi.

Na kuna kisa cha California. Tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la ardhi la Northridge liliangusha madaraja ya barabara kuu ya Santa Monica, mjini Los Angeles. Mkandarasi C. C. Myers alipewa siku 140. Mkataba ulisema: kila siku utakayowahi, utaongezwa dola 200,000; kila siku utakayochelewa, utakatwa kiasi hichohicho. Kazi ilikwenda usiku na mchana, nayo ikakamilika kwa siku 66. Zile siku 74 zilimletea bahashishi ya karibu dola milioni 15, sawa na bei ya kazi yenyewe. Kuna waliolalamika kwamba ni pesa nyingi mno. Lakini magari yalipita.

Usidhani nakuuzia dawa ya kila ugonjwa. Haraka ina bei yake. Kazi ya usiku huwanyima watu usingizi, na nyumba zetu za ploti zimekaa ubavuni mwa barabara. Mkandarasi anayekimbilia bahashishi huhitaji mkaguzi asiyelala, la sivyo lami itaanza kubanduka masika ya kwanza. Na pesa za kuharakisha hutoka kwenye kodi ileile yetu.

Tumalizie safari Taj Mall. Utalitafuta jengo usilione. Lilibomolewa Septemba 2018, likidaiwa kusimama kwenye ardhi ya barabara, lakini makanga bado wanaliita jina lake kila siku kama mtu aliye hai. Ukiendelea mbele kidogo kuelekea Mombasa Road utaiona barabara ya juu, Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Hiyo ni mkataba wa aina nyingine kabisa. Mjenzi hakusubiri kupimiwa kokoto na serikali. Alileta mtaji, akajenga, na kampuni yake inatoza ada kwa miaka 27 kabla ya kuikabidhi. Ilianza kujengwa 2020 na magari yakaanza kupita Mei 2022. Unaona tofauti? Mtu ambaye hapati hata senti hadi gari la kwanza lipite ana kila sababu ya kuwahi.

Lakini mgala muue na haki yake umpe, na hesabu nayo tuipe haki yake. Ada ya gari dogo kwa safari nzima ilianza kwa shilingi 360, na Januari 2024 ikapandishwa hadi 500. Wakati wa ujenzi, watu wa Imara Daima na Pipeline walikula foleni ile ile ya Mombasa Road bila kulipwa, na leo wengi wao hupita chini ya barabara hiyo wakiitazama kama mtu anayetazama keki dirishani. Aliyewahi ni mjenzi. Anayelipia kuwahi kwake ni dereva, kwa miaka 27.

Tupande matatu turudi mjini kwa Jogoo Road, nami nikumalizie kisa. Kuna jambo moja ambalo hizi mbinu zote za ng'ambo haziwezi kulitibu, nalo ni deni. Mikataba mingi ya barabara zinazojengwa kwa mikopo hufuata mfano wa shirikisho la wahandisi la kimataifa, FIDIC. Humo mna kifungu kinachosema mkandarasi asiyelipwa kwa wakati anaweza, baada ya kutoa notisi, kupunguza kasi au kusimamisha kazi, na kudai riba. Serikali yetu ilikuwa imerundika deni kubwa kwa makandarasi wa barabara. Kila ukiona mtambo umeota kutu kando ya njia, huenda ni barua ya deni hiyo.

Na deni hilo ni nani anayelilipa? Ukinunua lita moja ya petroli au dizeli, shilingi 25 ni ushuru wa kutunza barabara. Ushuru huo uliwekwa kwa sheria ya 1993, na Julai 2024 ukapandishwa kutoka shilingi 18. Mwaka 2025 serikali iliamua kuzitenga shilingi 7 kati ya hizo 25 ili kuchukulia pesa za kulipa makandarasi deni la takriban bilioni 175. Kwa maneno mengine, dereva aliyekwama kwenye foleni ya barabara iliyosimama alikuwa akiunguza mafuta, na katika kila lita aliyounguza sasa mna pesa za kulipia kusimama kule. Amelipa kwa saa yake, kisha analipa kwa tangi lake.

Kwa hiyo, kabla hatujamwiga Mwamerika na bahashishi zake, kuna mambo mawili ya nyumbani. Kwanza, mabomba, nguzo na fidia za watu zishughulikiwe kabla trekta la kwanza halijashuka, ili mkandarasi asiwe na barua ya kuandika. Pili, pesa ziwepo kabla ya zabuni, ili faini iwe na meno. Hayo yakitimia, basi saa ya mwananchi ipewe bei na iwekwe kwenye hesabu pamoja na kokoto.

Wewe nawe una kazi. Barabara inapoanza kujengwa, husimikwa bango lenye jina la mradi, la mkandarasi na la mwenye kazi. Wengi wetu hulipita bila kulisoma, kisha miezi 30 baadaye tunalaumu makanga. Safari ijayo lisome. Andika kwenye daftari siku ya kuanza na siku ya kumaliza, kama zimeandikwa. Kama hazimo, muulize diwani wako wa wadi kanisani au kwenye baraza: mkataba unasema nini kuhusu kufunga leni asubuhi? Siku moja ya kuchelewa ina bei gani, na anailipa nani?

Yule jirani yangu aliacha udereva barabara ilipokuwa bado mashimo. Aliuza sofa na redio, akarudi kwao kulima. Barabara ilipokamilika, nyororo kama unavyoiona leo, alikuja Nairobi kwa mazishi, nikamsindikiza kwa matatu kutoka Donholm hadi Allsops. Tulifika upesi mno. Alitazama saa yake, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa imekwisha. Nami nimekwisha kulipa."

Nauli ya safari ile nilimlipia mimi.